Demokrasia na Jamhuri: Mikono ya Wengi, Haki ya Mmoja (2)

Juma lililopita tulizungumzia kura. Leo tuitazame jamhuri, ambayo wengi wetu huichanganya na demokrasia.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Bunge lilikuwa la kuchaguliwa, lakini mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Demokrasia ilikuwapo, jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye. Mwaka huohuo wa 1962 Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Chifu Mkwawa, akawa Spika wa Bunge. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria. Enzi ya kurithi ikamtoka, kiti cha Spika akabaki nacho, kwa kuwa hicho kilikuwa mali ya umma. Mwaka 1965 tukaingia mfumo wa chama kimoja: jamhuri ikaendelea, uwanja wa demokrasia ukabanwa.

Sasa twende kijijini, Mufindi au Rungwe. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mtendaji wa kijiji anafungua daftari la muhtasari, mwenyekiti anasoma ajenda: mtu anaomba ardhi apande miti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini tu. Haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Mikono inanyooshwa, inahesabiwa. Hapo demokrasia imefanya kazi yake.

Tuseme mikono hiyohiyo inataka mjane aondolewe kwenye shamba aliloachiwa na mumewe, eti mila hairuhusu. Hata kijiji kizima kikinyoosha mikono, uamuzi huo ni batili. Kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo kinaifuta mila inayomnyima mwanamke ardhi, na ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu. Jamhuri yetu, kwa sheria na Katiba yake, imempa mjane yule ngao ambayo wingi wa watu hauwezi kuipokonya.

Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, iliifuata njia hiyo ya kutotazama wingi pekee mwaka 1991. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 vikaruhusiwa. Naamini ilifanya haki.

Ndugu msomaji, mkutano ujao wa kijiji chako usikose. Nyoosha mkono wako, lakini kwanza uliza: sheria inasemaje, na ni haki ya nani inayoguswa?