Swichi za sumaku kwenye kibodi: jua bodi yako kabla ya kutoa pesa

Vijana wetu wa Pwani wanaojiundia kibodi zao wenyewe siku hizi wana neno moja mdomoni: swichi za sumaku. Kuna wacheza gemu, na kuna wanaolipwa na wateja wa ng'ambo kwa kuandika programu au kugeuza sauti kuwa maandishi. Kwa hawa wa pili, kibodi ndiyo jembe lao. Vifaa hivi si vya bei ya karanga. Vingi huagizwa kutoka nje, na ukishalipa usafiri na ushuru, kurudisha kilichokosewa ni shughuli nyingine. Kwa hivyo leo nimeona tueleze kitu hiki kinafanyaje kazi, nani anakihitaji, na achague vipi.

Tuanze na kibodi ya mekanika ya kawaida. Chini ya kila kitufe mna swichi yenye vibati viwili vyembamba vya madini. Ukibonyeza, shina la plastiki hushuka, vibati hugusana, umeme hupita na kompyuta hupata herufi. Kwenye swichi ya Cherry MX Red, kwa mfano, kitufe husafiri milimita 4 kutoka juu hadi chini, na herufi hutoka kikifika milimita 2. Mahali hapo hapabadiliki. Ni kama swichi ya taa ya ukutani, ama imewaka ama imezima.

Swichi ya sumaku haina vibati hivyo. Ndani ya shina lake mna kipande kidogo cha sumaku, na kwenye bodi ya saketi, chini yake, mna kihisi. Kitufe kikishuka, sumaku hukikaribia kihisi, nacho hupima nguvu ya sumaku inavyoongezeka. Hakuna kinachogusana na kingine. Kibodi hujua wakati wote kitufe kimeshuka kiasi gani. Hii sasa ni kama mfereji wa maji: waweza kuufungua robo, nusu au wote.

Elimu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua kuwa umeme unaopita kwenye bati jembamba la dhahabu husukumwa upande mmoja ukielekezewa sumaku, na volteji ndogo hutokea baina ya kingo mbili za bati. Sumaku ikizidi nguvu, volteji nayo huzidi. Ndiyo inayoitwa athari ya Hall. Kampuni ya Honeywell ya Marekani ilikuwa ikitengeneza kibodi za aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya karibuni kampuni ya Wooting ya Uholanzi ikazipa umaarufu kwa wacheza gemu, na wengine wakafuata.

Kihisi cha Hall kiko karibu yetu kuliko tunavyodhani. Kimo ndani ya simu zinazozima kioo ukifunga kifuniko chake, na kwenye mota za bodaboda nyingi za umeme. Wenye vibanda vya PlayStation mitaani nao wanaujua ugonjwa wa pedi ambayo mchezaji hutembea mwenyewe bila kuguswa. Mara nyingi sababu ni kuchakaa kwa sehemu zinazosuguana ndani ya kijiti. Ndiyo maana pedi za vijiti vya Hall zinatafutwa.

Faida ya kwanza: wewe ndiye unayeamua herufi itoke wapi

Kwa kuwa kibodi inajua kina cha kitufe, waweza kuiambia kwa programu herufi itoke kikishuka kiasi gani. Nyingi hukubali kuanzia karibu milimita 0.1 hadi karibu 4, na kila kitufe hupewa kipimo chake. Mcheza gemu ataviweka vitufe vya kutembea karibu na juu. Mwandishi mwenye vidole vizito atavishusha ili kitufe kikiguswa kwa bahati mbaya kisiandike.

Kuna pia kinachoitwa Rapid Trigger. Kwenye swichi ya kawaida, kitufe lazima kipande hadi mahali maalumu kabla hakijahesabiwa kuwa kimeachiwa. Hapa kidole kikianza tu kuinuka, kitufe kimeachiwa. Kwenye michezo ya kulenga kama Valorant na Counter-Strike, ambako lazima usimame kabla ya kufyatua, hilo lina uzito. Lakini usichanganye Rapid Trigger na vile vipengele vinavyokuachilia kitufe kimoja chenyewe unapobonyeza cha upande wa pili, kama Snap Tap ya Razer. Agosti 2024 kampuni ya Valve ilivipiga marufuku vya namna hiyo kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2, na anayebainika hutolewa mchezoni.

Kwa anayeandika tu, milimita 0.1 ni balaa. Vidole vikipumzika juu ya vitufe, herufi zinamwagika. Mwandishi asinunue swichi hizi kwa sababu ya kasi.

Faida ya pili: chumvi

Hapa ndipo naona watu wa Pwani tuna hesabu yetu. Mwenye nyumba karibu na bahari anajua hewa ya chumvi inavyokula mabati, bawaba za milango na mnyororo wa baiskeli. Swichi ya kawaida inategemea madini kugusa madini. Unyevu na vumbi vikiingia hapo, kitufe huanza kuandika herufi moja mara mbili, au hukataa mpaka ukigandamize. Anayelipwa kwa ukurasa anajua hasara yake ni nini: kila mstari urudiwe kusahihishwa. Swichi ya sumaku imeuondoa mguso huo wote, kwa hivyo hapana cha kuota kutu pale herufi inapozaliwa. Kwangu mimi, faida hii inazidi mbio zote zinazotangazwa.

Hata hivyo tusiitie chumvi nyingine. Springi bado ni chuma, tundu la waya wa USB bado ni madini, na bodi bado ni ya umeme. Kikombe cha chai ya maziwa kikimwagika juu yake, msiba ni ule ule.

Namna ya kuchagua

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Kijana hupitia swichi ishirini, aangalie rangi, asikilize milio, na hajajua bodi yake ni ya aina gani.

Anza na bodi. Swichi ya sumaku haifanyi lolote juu ya bodi isiyo na vihisi. Ukiipachika kwenye kibodi ya mekanika, huenda ikakaa vizuri kwenye tundu, na kompyuta isipokee kitu. Na hata bodi zenye vihisi hazikubali kila swichi. Swichi moja sumaku yake imeelekeza ncha ya kaskazini chini, nyingine ya kusini. Moja ina sumaku kali, nyingine dhaifu. Kimo cha sumaku ndani ya shina nacho hutofautiana. Bodi iliyopimwa kwa swichi moja inaweza kuisoma nyingine vibaya, au isiione kabisa. Tafuta orodha ya mtengenezaji wa bodi ya swichi anazozikubali, na yule muuzaji anayekwambia "zote zinaingia" mwambie akuonyeshe wapi pameandikwa.

Kisha angalia programu. Vipimo vyote hupangwa kwa programu ya mtengenezaji, na nyingine hufunguka kwenye kivinjari cha intaneti bila kusakinisha kitu. Uliza kama mipangilio inahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe. Ikiwa ndivyo, utaibeba hadi saiba au ofisini na ifanye kazi vile vile.

Halafu mguso. Karibu swichi zote za sumaku ni laini kutoka juu hadi chini. Hazina kile kinundu cha katikati wala mlio wa "tik". Anayependa kinundu abaki na mekanika, hana alichokosa. Angalia na uzito wa springi: nyepesi huchosha vidole kidogo, lakini mkono uliozoea kugandamiza utakosea sana. Chagua pia shina lisilotikisika, kwa sababu shina likiyumba, sumaku nayo inayumba na kipimo hakitulii.

Suala la waya nalo lisisahaulike. Vihisi hivi hula umeme muda wote vinapofanya kazi, kwa hivyo kibodi ya sumaku isiyo na waya kwa kawaida humaliza chaji mapema kuliko mwenzake wa mekanika. Vihisi vipya vya aina ya TMR, ambavyo pia husoma sumaku, hula kidogo zaidi. Kwa anayekaa mezani, waya hauna ubaya.

Habari njema ni mbili. Mashina mengi ya swichi hizi yana msalaba ule ule wa Cherry MX, kwa hivyo vifuniko vyako vya zamani aghalabu vitaingia. Na kwa kuwa swichi haihitaji miguu ya umeme, hakuna kulehemu. Ikiharibika moja waichomoa na kupachika nyingine nyumbani. Ukishabadilisha, pima upya kwa programu ili kibodi ijue juu na chini ya kila kitufe, na usiweke spika au kifuniko cha tableti chenye sumaku karibu nayo.

Nani basi anunue? Anayeshindana kwenye gemu za kulenga, anunue. Anayepata riziki yake kwenye kibodi kila siku, tena karibu na bahari, na amechoka na herufi zinazojirudia, naye ana sababu. Anayeandika barua mbili kwa wiki, kibodi ya kawaida inamtosha, na kuongeza pesa hapo ni israfu, nayo tumekatazwa.

Kabla hujatuma pesa, ewe kijana, pata majibu ya maswali matatu. Bodi yangu ina vihisi vya sumaku? Swichi hii imo kwenye orodha ya bodi hiyo? Ikiharibika moja, nitaipata wapi nyingine? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, pesa zako zikae mfukoni kwanza.

Wabillahi tawfiq.