Dakika Mbili za Khedive Ismail

Huku kwetu Mabwerebwere bahari ni habari ya kusimuliwa. Hata hivyo, Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Waingereza na wenzao walikosa nyuzi za kamba za meli, na mkonge wa Kilosa na Kimamba ukawa mali. Reli ya kati ikashusha pwani robota za mkonge, na pia vijana waliochukuliwa keya, yaani jeshi la mkoloni.

Februari 1944 meli ya abiria iliyogeuzwa ya askari, Khedive Ismail, iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine mabaharia na wauguzi. Tarehe 12, alasiri, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa takriban dakika mbili.

Meli kubwa vile inazamaje upesi hivyo? Topido, yaani bomu linalojiendesha majini, hutoboa bavu chini ya usawa wa maji. Tundu moja huvumilika viambaza vya ndani vikishikilia. Hii ilipigwa kwenye injini na boila, ambako ndiko kwenye kumbi pana kuliko zote. Zikijaa, meli hulala ubavu, na ngazi aliyokuwa akipandia askari inageuka ukuta.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakielea. Manowari zilizousindikiza msafara zilikuwa na asdiki, chombo kinachopiga mlio majini na kusikiliza mwangwi, kama afanyavyo popo. Kikajua adui yuko wapi. Lakini bomu la kulipukia majini halichagui. Maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo kishindo humfikia mwogeleaji moja kwa moja, kikampasua mapafu na matumbo. Manowari Petard ilipita katikati ya waogeleaji ikayaangusha mabomu hayo. Simlaumu nahodha, wala ulimi hauniinuki kumtetea: meli nyingine nne za askari zilikuwa bado kwenye msafara ule.

Baada ya zaidi ya saa mbili, topido ya Petard iliimaliza I-27.

Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Wana wa kikosi cha 301 wanakumbukwa kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, mji usio na bahari.