Judo, karate, taekwondo: binti ajifunze nini?

Mabinti wetu wanatembea mbali kwenda shuleni na kuchota maji. Michezo ya kujikinga inaweza kuwasaidia, lakini kila mmoja una somo lake.

Judo, iliyoanzishwa Japani mwaka 1882, hufundisha kwanza kuanguka bila kuumia, kisha kujinasua ukishikwa. Karate hupiga kwa mikono na miguu. Taekwondo ya Korea hutegemea zaidi mateke. Yote huongeza nguvu na pumzi.

Binti wa kwetu anaweza: Yolande Mabika, mzaliwa wa Bukavu, alicheza judo Olimpiki ya Rio 2016 katika timu ya wakimbizi.

Lakini tusidanganyane: hakuna mchezo unaoshinda bunduki. Tuwafundishe kujinasua, kupiga kelele, kukimbia, na kutuambia. Kabla ya kumwandikisha binti, twende wenyewe tukaone mwalimu anavyowashika watoto.