Fundi akitaka kung'oa konvata ya gari lako, kataa

Umejinyima mpaka ukapata gari lako la kwanza, la petroli, mtumba wa kutoka Japani. Siku ya kubadilisha oili, fundi anaingia chini, anachungulia, kisha anakwambia: "Boss, hii kitu imeziba. Tuitoe, gari litakuwa jepesi na ekzosi itanguruma vizuri." Pengine hata anakuahidi chapaa kidogo. Usiharakishe kukubali.

Kidude hicho huitwa katalitiki konvata. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Kutu unayoijua ni oksaidi ya chuma, lakini hizi za konvata zina kazi ya maana.

Kuna oksaidi ya alumini, inayostahimili joto kali. Gramu moja tu, ukijumlisha vitundu vyake vyote, ina uso unaozidi mita mraba 100. Juu yake hutawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Hayo ni madini ghali, na ndiyo sababu kidude chako kina wateja wengi.

Kisha kuna oksaidi ya siriamu. Hii ni kama chama: oksijeni ikizidi kwenye moshi, inaweka akiba, ikipungua, inakopesha. Bila mkopo huo, kazi ingekwama kila unapokanyaga mafuta.

Na kazi yenyewe si mchezo. Injini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyakua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Konvata ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, huigeuza kuwa kaboni dayoksaidi. Petroli ambayo haikuungua huwa maji na kaboni dayoksaidi, nazo oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida.

Adui mkubwa wa konvata alikuwa madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli, kwa kuwa hufunika chembe hizo zisifanye kazi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Itakuwa noma sana kupata mafuta safi halafu tuuze kisafishaji chenyewe.

Ukiambiwa imeziba, uliza imezibwa na nini. Mara nyingi shida huanzia kwenye plagi mbovu: petroli isiyoungua huenda kuwakia ndani ya konvata na kuyeyusha kauri. Tengeneza plagi kwanza. Na kabla ya kulipa, inama uangalie chini ya gari. Ukiona bomba tupu mahali palipokuwa na kidude, dai chako hapo hapo. Moshi wa gari lako humfikia kwanza mama mboga na mtoto anayengoja kuvuka barabara.