Laini ya Mandazi na Laini ya Simu

Katika steji ya Ayany, Kibera, mama wa mandazi na kijana wa simu wanakaa bega kwa bega. Mama anaita, "Laini, bado moto!" Kijana, chini ya mwavuli wake, anaita, "Laini! Sajili laini!" Mgeni wa Kiswahili atadhani ni washindani wa biashara moja.

Shuleni tungesema laini ni kitawe, tukafungua ukurasa unaofuata. Mimi nasema ni maneno mawili yaliyokutana ukubwani yakafanana sura. La mama lina asili ya Kiarabu, layyin, yaani -ororo. La kijana ni line ya Waingereza. Sarufi haijawahi kuyachanganya: la mama ni kivumishi kisichobadilika, mkate laini, vitambaa laini, huku la kijana ni nomino ya ngeli ya I-ZI: laini yangu imezimwa, zake ziko tatu.

Hiyo line yenyewe imetoka shambani. Kwa Kilatini, linum ni kitani, na uzi wa kitani ukaitwa linea. Uzi ukivutwa ukakazwa hunyooka, na anayeunyoosha huutumia kupimia. Ndipo jina la uzi likawa jina la mstari. Mwashi anayejenga ploti hapa Ayany bado anavuta uzi vivyo hivyo kabla ya kupanga mawe. Hata linen, kitambaa cha kitani, na lining, bitana ya koti, ni watoto wa mmea huohuo.

Kibera neno hili lina harufu ya baruti. Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, walipewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, nao ndio walioupa msitu huu jina Kibra, ambalo kwa Kinubi ni msitu. Katika jeshi la Waingereza, lines zilikuwa safu za mahema au vibanda vya askari, na makazi ya polisi wa Kenya yanaitwa hivyo hadi leo. Toka Ayany, pita Olympic na Makina, utafika Laini Saba, jina ambalo wenyeji hulihusisha na uwanja wa askari wa kulenga shabaha. Gwaride lilituachia na foleni pia, kutokana na amri ya "fall in". Watanzania wanapanga foleni. Nairobi tunapanga laini, au mlolongo, ingawa tangu uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombea hadharani, neno mlolongo halijasafika.

Garimoshi lilifika Nairobi mwaka 1899, na njia yake inakatiza Kibera. Hapo tulichagua reli, tukaiacha laini. Ila kando ya reli zilipita nguzo za simu, na waya wake ndio uliokuwa line: uzi tena, safari hii wa chuma. Baadaye waya ukatoweka, jina likabaki. Kinachonifurahisha ni kwamba kadi ndogo ya simu Mwingereza anaiita SIM. Kuiita laini ni kazi yetu, Kenya na Tanzania; huko Tanzania, Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa.

M-Pesa ilipoanza 2007, laini ikawa mkoba. Sasa pesa "zinaingia laini", na mtu "hukosa kitu kwa laini". Uzi wa kitani umebeba mengi, lakini huu wa kubeba sarafu sidhani Mrumi angeuelewa.

Jioni mteja anashika mandazi matano, anauliza atume kwa ipi. Mama hainui macho kutoka kwenye karai. "Ile ya pili. Ya kwanza ni ya chama."