Mzuka Aliyeketi Kutazama Kisasi

Katika tanzia za kisasi, mzuka kwa kawaida huja kudai. Baba yake Hamlet humtokea mwanawe usiku, akamtwika deni la damu, kisha akatoweka. Katika The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, iliyochapishwa London mwaka 1592, mzuka haondoki. Don Andrea, aliyeuawa vitani na adui aitwaye Balthazar, anaingia na mwenzake aitwaye Kisasi, wakaketi kutazama mchezo mzima pamoja na hadhira.

Kinachotazamwa ni msiba wa Hieronimo, hakimu wa Hispania. Usiku anasikia mayowe, anatoka na nguo za kulalia, anakuta maiti inaning'inia bustanini. Anaikata kamba, ndipo anapomtambua mwanawe, Horatio. Anaichukua leso iliyolowa damu ya kijana na kuapa kutoiacha hadi alipize.

Leso hiyo inabeba tamthilia nzima. Baadaye mzee Bazulto anamjia kudai haki ya mwanawe, ambaye naye ameuawa. Hieronimo anatoa leso ampe mzee afute machozi. Inayotoka ni ile ya damu. Hakimu hana kingine cha kumpa mlalamikaji. Karibu na ishara hiyo Kyd ameweka nyingine: muuaji aitwaye Pedringano anasimama kitanzini akifanya mzaha, akiamini kisanduku alichoshika mtumishi kina hati ya msamaha. Kisanduku ni kitupu, na Hieronimo ndiye anayemhukumu. Anawatolea wengine haki ambayo mwenyewe ameikosa.

Mwishowe anaandaa mchezo wa kuigiza mbele ya wafalme, wauaji wa Horatio wakiwa miongoni mwa waigizaji. Visu ni vya kweli, lakini wafalme wanasifu uigizaji.

Kisha Andrea anahesabu maiti kwa furaha. Hataji maadui tu. Yumo Horatio, rafiki yake. Yumo Isabella, mama yake Horatio, aliyejiua kwa uchungu. Yumo Bel-imperia, mpenzi wa Andrea mwenyewe. Wote wamemburudisha.

Naamini Kyd alituketisha upande wa mzuka makusudi. Tumetamani wauaji wafe, na wamekufa. Lakini anayeshangilia hesabu hiyo yote amekwisha kukubali kwamba damu ya wasio na hatia ni bei halali ya kisasi. Tanzia hii inamtaka kila mtazamaji aamue, kabla hajapiga makofi, kama naye anakubali.