Nguvu Zake Ziko Wapi? Filamu za Kusisimua Zenye Mwanamke Mbele

Katika majumba yetu, baada ya sala ya Isha na chakula cha usiku, runinga ndiyo baraza la familia. Baba ataka habari, vijana wataka mpira, mama na mabinti wana tamthilia yao. Hata hivyo, iko aina moja ya mchezo inayowakutanisha wote bila ya ugomvi wa rimoti: filamu ya kusisimua ambayo mwenye kuandamwa, mwenye kuchunguza na mwenye kushinda ni mwanamke. Wapo wanaoona si vyema mtu mzima mwenye kilemba kukiri kuwa huzifurahia. Mwandishi wa makala haya huzifurahia, na anaona furaha hiyo ina sababu zinazostahiki kuelezwa, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sote tunaolea mabinti.

Ladha hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walizijua hadithi za Alfu Lela u Lela, na kisa kinachozibeba hadithi zile zote ni cha mwanamke. Shahrazad aliolewa na mfalme aliyekuwa akimwua kila mke ifikapo asubuhi. Hakuwa na upanga wala askari. Silaha yake ilikuwa kuikata hadithi pale penye utamu, hata mfalme akalazimika kumwacha hai mpaka usiku wa pili ili aujue mwisho. Watungaji wa leo wa filamu za kusisimua wanaitumia mbinu hiyohiyo, ila wao huihesabu kwa dakika.

Na katika senema, sisi watu wa pwani tumekuwa watazamaji wa filamu za Bara Hindi kwa miaka mingi. Huko, mwaka 1935, ilitolewa filamu iitwayo Hunterwali, iliyotengenezwa na kampuni ya ndugu wa Wadia wa Bombay. Mchezaji wake mkuu alikuwa Nadia, mzaliwa wa Perth, Australia. Alicheza binti wa mfalme aliyevaa barakoa na kushika mjeledi ili awapiganie wanyonge dhidi ya waziri dhalimu. Ilipendwa mno. Mwaka uliofuata Nadia akaonekana katika Miss Frontier Mail akipigana juu ya paa la treni, na vitendo hivyo vya hatari alivifanya mwenyewe. Basi anayedhani mwanamke shujaa wa filamu ni uzushi wa vijana wa leo, na ajue kwamba Nadia alitangulia kuzaliwa kwa wengi wa babu zao.

Yafaa tuulize sasa: utamu wa michezo hii watoka wapi? Jawabu langu ni kwamba hautoki katika ngumi. Shujaa mwanamume wa filamu nyingi ni kifua na bunduki. Tangu mwanzo tunajua atawaangusha wote, na tunachongojea ni hesabu ya walioanguka. Lakini mtungaji hodari akimweka mwanamke mbele, humpa maadui wenye nguvu kumshinda, kisha humwachia akili, subira na uthabiti wa moyo. Mtazamaji huingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu hatari ni ya kweli. Penye hofu ndipo penye msisimko. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Katika filamu hizi, raha ni kumwona asiye na nguvu akikataa kupisha.

Mfano bora ni Kahaani, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Sujoy Ghosh. Vidya Balan anacheza mwanamke mjamzito anayewasili Kolkata kutoka London kumtafuta mumewe aliyepotea. Kila ofisi anayoingia huambiwa kwamba mtu huyo hakuwahi kufanya kazi pale. Anatembea kwa shida, anapanga chumba katika nyumba ya wageni ya bei rahisi, anauliza, anaandika, anarudi tena. Muuaji anayetumwa kumwandama ni wakala wa bima, mnene, mpole, mwenye kutabasamu, na ndiyo maana anatisha kuliko majitu yenye misuli. Hakuna nyimbo za kuchezwa bustanini wala ndege za kivita. Mwisho wake sitautoboa, kwani kuutoboa ni dhulma kwa ambaye hajauona. Yatosha kusema kwamba mtazamaji akiufikia hugundua kuwa yote aliyodhani ni udhaifu wa mwanamke yule ameyadhani yeye mwenyewe. Serikali ya India iliitunuku filamu hiyo tuzo ya taifa ya mchezo bora ulioandikwa.

Ya pili ni Raazi, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na mwanamke, Meghna Gulzar, kutokana na riwaya ya Harinder Sikka. Jina lake tunalijua pasi na mkalimani: ndilo neno letu radhi. Kisa ni cha mwaka 1971, India na Pakistan zikikaribia kupigana vita. Sehmat, binti wa Kiislamu wa Kashmir, anaombwa na babake mgonjwa aolewe katika nyumba ya afisa wa jeshi la Pakistan ili awe jasusi wa India. Anakubali. Alia Bhatt anamcheza binti huyo akiwa na mikono inayotetemeka. Anapoua, hashangilii; analia bafuni. Mume aliyepewa ni mtu mwema, na wakwe zake wanampenda. Hadi mwisho, filamu haitupi adui wa kumchukia kwa raha.

Hapa ndipo msisimko unapogeuka fikra. Dini yetu imefundisha kwamba binti huombwa idhini yake kabla ya kuozwa. Lakini je, binti anayeombwa na baba aliye karibu na kaburi, kwa jina la nchi na heshima ya ukoo, ana nafasi gani ya kusema la? Radhi yake ni radhi, au ni utiifu uliovishwa nguo ya radhi? Swali hilo halikomei Kashmir. Wangapi miongoni mwetu wameketi mbele ya binti aliyenyamaza, wakafurahi na kuandika ndoa, pasi na kumwuliza kwa faragha kile alichonyamazia?

Ya tatu ni Mardaani, ya mwaka 2014, ambamo Rani Mukerji anacheza inspekta wa polisi wa Mumbai anayemtafuta msichana yatima aliyetekwa na wauza watoto. Inspekta huyo ana mume na nyumba, wala hakuna anayeshangaa. Nguvu zake hutokana na kumjua mtoto aliyepotea kwa jina lake. Filamu hii naitaja kwa tahadhari: huko India iliruhusiwa kwa watu wazima tu, na si ya kutazamwa na watoto. Wazazi, hata hivyo, wangefaidika nayo. Biashara ya kuwahadaa wasichana kwa ahadi ya kazi si hadithi ya Mumbai pekee. Kenya ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu mwaka 2010, kwa sababu mambo hayo yako hapa.

Sasa niwape haki yao wanaopinga. Wanasema filamu hizi zina damu nyingi, mavazi yasiyositiri, na kisasi kinachopambwa kikaonekana ni haki. Wana hoja. Ziko filamu nyingi ambazo mwanamke amepewa tu ngumi za mwanamume na nguo za kumvunjia heshima, kisha ikaitwa nguvu. Hizo hazina faida kwa binti wala kwa kijana. Dawa si kuivunja runinga; dawa ni kuchagua. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huweka alama za umri, zikiwamo za miaka 16 na 18, na alama hizo hazikuwekwa kuwa pambo. Baada ya alama, mzazi na apime mambo matatu. Je, shujaa huyu anashinda kwa akili au kwa ukatili tu? Je, damu inayomwagika ina uzito, au ni mchezo? Na je, anampigania nani: nafsi yake peke yake, au mnyonge pia?

Kwa mizani hiyo tutaona kwamba shujaa mwanamke hakuletwa na senema. Nusayba binti Kaab, Allah amridhie, alitoka siku ya Uhud akiwa amebeba maji ya wapiganaji. Vita vilipogeuka na wengi wakatawanyika, alishika upanga akasimama kumkinga Mtume, rehema na amani zimshukie, hata akapata jeraha kubwa begani. Na hapa pwani, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwainua Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza. Wakampeleka uhamishoni Kisii. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu, safari ya kuikata nchi kutoka magharibi hadi pwani. Kisa chake kina yote ayatakayo mtengenezaji wa filamu ya kusisimua.

Basi, wazazi wenzangu, tazameni nao. Mchezo ukiisha, msikimbilie kuzima taa. Mwulizeni binti: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mwulizeni na kijana wa kiume, kwani yeye ndiye anayehitaji zaidi kuona kwamba utulivu wa mwanamke si woga. Jawabu zao zitakwambieni mengi kuliko hotuba.

Kisha tujiulize sisi. Tunamshangilia mwanamke wa kwenye kioo anapokataa kunyamazishwa na ofisi nzima ya Kolkata. Kesho yake binti wa nyumbani akija kusema kwamba posa fulani haitaki, au kwamba kazi aliyoahidiwa ng'ambo inamtia shaka, au kwamba jamaa fulani anamgusa isivyofaa, je, tutamshangilia vivyo hivyo au tutamwambia afunge mdomo asituaibishe? Anayeogopa kuanza na jamaa zake, nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya ni 116, na kuipiga hakugharimu kitu. Lakini lililo bora ni kwamba asiwe na haja ya kuipiga kabla ya kukaa na babake na kusikilizwa. Allah atujaalie masikio yenye kustahiki mabinti aliotupa. Amin.